Alfonso Liguori: Wakili aliyepima sheria na uhuru katika mizani moja

HUENDA Kanisa Katoliki lisingempata mwalimu wake mashuhuri wa maadili lau wakili mmoja kijana wa Naples, Italia, hangeshindwa kesi.

Alfonso Liguori alizaliwa Marianella, karibu na Naples, Septemba 27, 1696. Babake alikuwa afisa katika jeshi la majini la mfalme, na alimtakia mwanawe makuu. Kijana hakumwangusha, kwani mnamo 1713, akiwa na umri wa miaka 16 pekee, alitunukiwa udaktari wa sheria.

Mwaka wa 1723 alisimama mahakamani kutetea ukoo wa Orsini katika kesi ya mali dhidi ya Mtawala Mkuu wa Toscana. Alishindwa. Masimulizi ya zamani hudai kwamba alipuuza kifungu katika hati moja, ingawa waandishi wa baadaye wameshuku kuwa wakubwa waliupinda uamuzi. Vyovyote vile, Alfonso aliipa mahakama kisogo, babake akabaki na uchungu, naye mwaka wa 1726 akapewa daraja la upadri.

Alihubiri vichochoroni miongoni mwa makabwela, kisha kwa wachungaji wa mbuzi milimani Scala, ambako mwaka wa 1732 alianzisha shirika la Mkombozi Mtakatifu Sana. Huko ndiko alikotambua kuwa ukali aliofunzwa haukufaa. Mapadri wa mrengo huo waliwanyima waumini ondoleo la dhambi kwa miezi, na wengi walikata tamaa. Hata hivyo, kulikuwa na wengine waliolegeza kamba kupita kiasi, hata Papa Innocent XI akalaani hoja zao 65 mnamo 1679.

Je, mtu afanye nini anapokabiliwa na rai mbili, moja ikisema sheria inamfunga na nyingine ikisema yu huru? Alfonso alijibu kwamba rai ya sheria ikiwa na uzito zaidi waziwazi, sharti ifuatwe. Lakini zikilingana kwa uzani, aliyekuwa akimiliki ndiye anayebaki na haki. Hapo wakili hakujificha, kwani hiyo ni kanuni ya kesi za mali. Ushahidi wa pande mbili ukitoshana, aliye na shamba hanyang'anywi.

Chukua mfano wa Mkatoliki anayekatazwa nyama siku ya Ijumaa. Ikiwa ni usiku wa Alhamisi na hana hakika kama saa sita imepita, anaweza kula, kwani sheria bado haijathibitika kumshika. Ikiwa ni usiku wa Ijumaa na ana shaka ile ile, ajizuie, kwani sheria tayari imeshamshika. Shaka ni moja, majibu ni mawili. Hayo aliyafafanua katika kitabu chake cha teolojia ya maadili, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1748 na ambacho alikirekebisha miaka mingi.

Mwaka wa 1762 alifanywa askofu wa Sant'Agata dei Goti, licha ya kujitetea kuwa ni mzee. Njaa ilipozuka eneo hilo miaka miwili baadaye, aliuza gari lake la kukokotwa na nyumbu ili kuwalisha maskini. Baridi yabisi ilimpinda shingo, na mnamo 1775 akaruhusiwa kustaafu.

Pigo kuu lilimpata mwaka wa 1780. Akiwa karibu kipofu, alitia saini kanuni za shirika zilizokuwa zimebadilishwa ili kuiridhisha serikali ya Naples. Papa Pius VI alikasirika, akazitambua nyumba zilizokuwa katika milki za Papa pekee. Mwanzilishi akajikuta nje ya shirika aliloliasisi mwenyewe. Mwanasheria aliyesomea hati tangu utotoni aliangushwa tena na hati.

Alifariki Pagani, Agosti 1, 1787, kabla mgawanyiko huo haujatatuliwa. Shirika liliungana tena mwaka wa 1793. Alitangazwa mtakatifu mwaka wa 1839, Mwalimu wa Kanisa mnamo 1871, na mwaka wa 1950 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa waungamishi na walimu wa maadili.