Mbaruk bin Rashid wa Takaungu

Aghlabu akitajwa Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, fikira za watu huenda Gazi, kusini ya Mombasa. Lakini walikuwako wawili wa zama moja, majina yao mamoja na ya baba zao mamoja. Wa pili alikuwa wa Takaungu, karibu na Kilifi. Asiyejua nasaba zao huwafanya mtu mmoja, na vita vya mwaka 1895 havimwelei.

Asili ya Wamazrui ni Omani. Mbaruk wa Gazi ni bin Rashid bin Salim bin Ahmed bin Muhammad bin Athman, na baba yake ndiye Mmazrui wa mwisho kuwa liwali wa Mombasa, aliyekamatwa kwa amri ya Sayyid Said mwaka 1837. Baada ya msiba huo waliosalimika walitengana: mlango wa Athmani ukakaa Gazi, na mlango wa Zaheri ukakaa Takaungu.

Mbaruk wetu ni wa Zaheri. Baba yake, Rashid bin Khamis, alitawala Takaungu, kisha utawala ukamfikia ami yake, Salim bin Khamis. Salim alipofariki mwaka 1895, waliobaki kuutazamia ni wajukuu wawili wa Khamis: Mbaruk na Rashid bin Salim. Kwa daraja ya ukoo Mbaruk alikuwa mbele, lakini Kampuni ya Waingereza ilimpenda Rashid, ikamkalisha yeye.

Mbaruk na nduguye Aziz wakaondoka, wakajiweka Gonjoro. Hardinge, balozi wa Kiingereza wa Unguja, akawafuata kwa askari, nao wakakimbilia kusini. Mbaruk wa Gazi, ingawa ni wa mlango mwingine, alikataa kumtoa mgeni wake. Kwa hilo ngome yake ya Mwele ilivunjwa Agosti 1895, na Aprili 1896 akavuka mpaka kuingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Basi tutazame. Watoto wa babu mmoja walifarikiana kwa ajili ya kiti, na aliyekata shauri ni mgeni. Wa mlango wa mbali ndiye aliyeunga udugu, akapoteza nchi yake. Nasaba ni ya kujuana na kusaidiana; ikiwa ni ya kugombea ukubwa, hufungulia wengine mlango wa nyumba yetu.