Adriano Atiman, mganga na mwalimu wa Karema

Ninyi wa Kalemie mnaliona ziwa kila siku. Mtu akipanda chombo kwenda kusini mpaka Mpala, kisha akikata maji kuelekea mashariki, atafika Karema, katika nchi ya Tanzania. Huko aliishi mtu mmoja miaka 67, naye hakuzaliwa pande hizi. Aliitwa Adriano Atiman. Wagonjwa walimjua kuwa ni mganga, lakini alikuwa pia mwalimu wa dini. Tukitaka kufahamu maana ya kusema kwamba Mungu ni mtakatifu, habari yake itatusaidia.

Alizaliwa karibu mwaka 1866, kando ya mto mkubwa uitwao Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa bado mtoto mdogo, Watuareg wa jangwani walimnyakua. Wakamwuza katika mji wa Timbuktu, nao waliomnunua wakampeleka kaskazini kupita jangwa la Sahara. Mnajua jinsi mchanga wa pwani unavyochoma miguu saa sita ya mchana. Hapa mnakimbilia maji ya ziwa, mkapona. Huko mchanga ni safari ya wiki nyingi, na visima viko mbalimbali sana.

Sokoni mtumwa hana jina. Ana bei. Mnunuzi humfunua kinywa atazame meno, humpapasa mikono, humtembeza kama mbuzi aone kama anachechemea. Babu zetu waliyajua mambo hayo. Pale Mtowa, karibu na Kalemie, misafara iliyotoka Manyema ilifika na pembe za ndovu na watu waliofungwa, wakavushwa kwa vyombo mpaka Ujiji. Wengi hawakurudi tena.

Mwaka 1876 Atiman alifika Metlili, kusini ya Algeria. Alikuwa na umri wa miaka kama 10. Hapo mapadri wa Askofu Mkuu Lavigerie walitoa fedha wakamkomboa, wakampeleka Algiers kwa askofu wao. Kwa hiyo alinunuliwa mara moja zaidi, lakini safari hii ili asiuzwe tena. Wako watu wanaouliza kama ni vema kumlipa mtu anayeuza watoto, maana pengine atakwenda kukamata wengine. Swali hilo ni la haki. Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kadinali, hakutosheka na kukomboa watoto wachache. Mwaka 1888 alikwenda Paris, London na Brussels, akahubiri mbele ya watu wengi ili biashara ya watumwa ikomeshwe yote.

Mtoto Atiman hakubatizwa upesi. Alikombolewa mwaka 1876, akabatizwa mwaka 1882. Hesabuni: ni miaka 6. Lavigerie hakupenda haraka katika jambo hilo. Aliwaagiza mapadri aliowatuma katika nchi zetu wawafundishe watu miaka 4 kabla ya kuwabatiza. Wengine waliona muda huo ni mrefu mno. Lakini kitu kitakatifu hakishikwi ovyo ovyo.

Itazameni kalisi ya Misa. Ukitaka kuinywea pombe nyumbani, watu wote watashtuka, hata wasiosali. Kwa nini? Si kwa sababu ya dhahabu yake, maana kuna kalisi za dhahabu na kuna za madini ya bei ndogo, na heshima ni ile ile. Ni kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya Mungu. Basi Mungu mwenyewe ni zaidi ya hapo sana. Ndani yake hamna uovu hata kidogo. Hadanganyi, wala hapokei rushwa, wala hapendelei mwenye mali akamwacha maskini. Ndiyo maana katika Misa tunamwita Mtakatifu mara tatu. Na huyo aliye mtakatifu amemwumba mtu kwa mfano wake. Ikiwa ni dhambi kuipeleka kalisi katika kilabu cha pombe, itakuwaje kumpeleka mtu sokoni?

Hayo ndiyo mafundisho aliyoyapokea mtoto ambaye alikuwa na bei. Sisi hatukuingia ndani ya moyo wake tujue aliyapokeaje. Kazi yake ya baadaye tunaijua.

Mwaka 1881 Lavigerie alimpeleka katika kisiwa cha Malta, pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa, wasome uganga wa hospitali. Alitaka Waafrika wawatibu na kuwafundisha Waafrika wenzao, wakioa na kukaa vijijini kama watu wengine. Atiman alisoma mpaka mwaka 1888. Kisha akaja Unguja, akapanda kutoka pwani kwa miguu pamoja na msafara, akafika Karema mwaka 1889. Mahali hapo palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji miaka 10 iliyotangulia. Mwaka 1885 waliwaachia mapadri ngome hiyo, pamoja na ile ya Mpala. Wafanya biashara ya watumwa walikuwa bado na nguvu ziwani, na upande wa Mpala Kapiteni Joubert alikuwa akiwalinda watu kwa bunduki.

Mwaka ule ule Atiman alimwoa Agnes Wansabira, binti wa Kibemba. Walipata mtoto wa kiume, Yosefu. Mwaka 1923 huyo Yosefu alipewa upadri.

Kazi ya Karema ilikuwa nyingi. Watu walikuja na homa, vidonda, mifupa iliyovunjika. Baadaye ukaja ugonjwa wa malale ulioua watu wengi kando ya ziwa pande zote mbili. Atiman alikuwa na dawa za Ulaya, nazo zilikwisha mara nyingi, kwani mzigo kutoka pwani ulichukua miezi. Basi hakuona haya kuwauliza wazee wa nchi habari za majani na mizizi yao. Mimi napenda sana jambo hilo. Mtu aliyesoma Malta alikaa chini akajifunza kwa mzee asiyejua kusoma.

Tena palikuwa na watoto. Karema, kama Mpala na Kibanga, mapadri waliwalea watoto waliokombolewa katika misafara. Wengine hawakujua tena jina la kijiji chao. Kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba Mungu ni mtakatifu, naye amekuumba kwa mfano wake, si jambo jepesi. Amekwisha kuona bei yake ikibishaniwa. Labda ni doti chache za kitambaa, labda ni mfuko wa chumvi. Padri aweza kumfundisha maneno yote ya katekismu, akayashika kwa kichwa tu. Lakini mwalimu Atiman alikuwa ametembea katika msafara kama yeye, ameuzwa kama yeye. Na mikono iliyoosha vidonda vyao asubuhi ilikuwa mikono iliyopapaswa zamani na wanunuzi.

Akazeeka katika kazi hiyo. Lavigerie alikufa mwaka 1892. Wajerumani walitawala Karema, wakaondoka, Waingereza wakaja. Vita mbili kuu zikapita. Alipewa nishani, akaendelea kutazama wagonjwa. Alikufa huko huko Karema tarehe 24 Aprili 1956. Tangu siku ile ya Metlili ilikuwa imepita miaka 80.

Katika mji wa Sumbawanga, upande ule wa ziwa, iko hospitali ya Kanisa. Ubaoni imeandikwa jina la Atiman.