Sauti ya chini ya Jim Reeves



Somo la kwanza la leo, Jumapili ya 19 ya Mwaka A, linatupeleka mlima Horebu. Nabii Eliya amekimbia, amechoka hata ameomba afe, na sasa amejificha pangoni. Upepo mkali, tetemeko na moto vinampita kimoja baada ya kingine, wala Mungu hamo hata katika kimoja. Anakuja mwishoni kwa sauti ndogo mno, na hiyo ndiyo inayomtoa nabii pangoni, uso wake umefunikwa kwa joho.

Somo hili likisomwa, mimi humkumbuka mwimbaji mmoja wa Marekani. Usicheke, ndugu yangu. Hakuwa mtakatifu, na wimbo uliompa jina kubwa kuliko zote unamhusu mtu aliyeko baa akipiga simu. Lakini alijua jambo fulani kuhusu sauti ndogo ambalo wengi wetu tunaohubiri tumelisahau. Jina lake ni Jim Reeves.

Kama una umri kama wangu, huenda ulimsikia kabla hujajua Kiingereza cha kumwelewa. Alitoka kwenye redio jioni, au kwenye kanda ya mjomba aliyerudi likizo kutoka mjini: sauti nzito, ya polepole, gitaa likigongwa kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kuamsha watoto. Wakubwa walinyamaza. Wengine walitazama pembeni. Sisi watoto hatukujua kisa, ila tulijua kwamba anayeimba ana huzuni, na kwamba huzuni yake haitutishi.

Alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, kijiji cha mashariki mwa Texas, kitindamimba katika familia kubwa ya wakulima maskini. Hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akafariki. Mama yake, Beulah, akabaki na shamba na watoto wa kulisha. Wewe uliyelelewa na mjane huhitaji nikueleze zaidi.

Muziki wa kwanza uliomvutia ulikuwa wa Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyewahi kufanya kazi kwenye reli na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hapa nivumilie kidogo, maana kisa hiki kinatuhusu. Santuri za Rodgers zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipokwenda huko kurekodi nyimbo za wenyeji, aliwakuta wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Ndilo jina la Jimmie Rodgers lilivyosikika masikioni mwao. Kwa hiyo anayekuambia kwamba nyimbo hizi za gitaa za wakulima wa Marekani ni kitu kigeni kwetu, mwambie zilishafika na kupewa jina la nyumbani kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Turudi kwa Jim. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa besiboli. Alikuwa mrusha mpira hodari, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Texas, lakini akakaa wiki chache tu, akaenda kufanya kazi kwenye viwanda vya kuunda meli mjini Houston. Mwaka 1944 alisajiliwa katika timu za chini za klabu ya St. Louis Cardinals. Akacheza miaka michache, kisha akaumia mshipa wa fahamu wa mguuni akiwa anarusha mpira, na ndoto ikaishia hapo. Mwaka 1947 alimwoa Mary White, mwalimu. Hawakujaliwa kupata watoto.

Kijana asiye na mguu wa kuaminika akageukia kazi ya mdomo: utangazaji wa redio. Alisoma habari na matangazo ya biashara, akapiga santuri za wenzake. Hatimaye akafika kituo cha KWKH mjini Shreveport, Louisiana, kilichokuwa kikirusha tamasha maarufu la Jumamosi usiku. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mwaka 1952 mwimbaji aliyetarajiwa hakutokea, wakamsukuma mtangazaji jukwaani. Mwaka uliofuata wimbo wake wa kuchekesha, Mexican Joe, ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya nyimbo za kantri. Aliuimba kama walivyoimba wote wakati ule: kwa nguvu, sauti ya juu, mbali na kipaza sauti, fidla zikikimbia nyuma yake. Ulipendwa. Lakini kama angeendelea hivyo, sidhani kama leo ningekuwa ninamwandika.

Badiliko lilikuja mwaka 1957 mjini Nashville. Alikuwa amekwisha kujiunga na kampuni ya RCA Victor, na mwongozaji wake studioni alikuwa mpiga gitaa Chet Atkins. Jim aliutaka wimbo uitwao Four Walls, wa mtu aliyeketi peke yake chumbani akimngojea asiyekuja. Atkins aliona unamfaa mwanamke. Jim akashikilia. Akaushusha wimbo hadi chini kabisa ya sauti yake, akasogea mpaka midomo ikakaribia kugusa kipaza sauti, akaimba kama mtu anayezungumza na jirani wa kiti kimoja. Nyuma yake wakawekwa waitikiaji wa taratibu.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo alipoligundua lile jambo. Mtu akiimba kwa nguvu mbali na kipaza sauti, wewe msikilizaji unasikia ukumbi. Unajua kuna jukwaa, na wewe uko katikati ya umati. Akisogea karibu na kushusha sauti, chombo kinanasa pumzi yake, kinanasa ulimi unavyogusa meno, na sikio lako linadanganyika kwamba yuko begani pako. Jim alilijua hilo kwa sababu ya miaka ya redio. Mtangazaji mzuri hazungumzi na maelfu. Anazungumza na mama mmoja anayepika jikoni.

Sasa nikuulize, mpendwa. Spika zetu za kanisani zinazungumza na nani? Parokia zinachangishana fedha nyingi kununua mitambo mikubwa zaidi ya ile ya jirani. Kinanda kinapigwa mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Kwenye misiba ndiyo taabu kubwa: mjane amekaa mkekani, hajalala siku tatu, na mita mbili kutoka kichwani pake kuna spika mbili zinazomwamuru afurahi kwa kuwa marehemu amekwenda kwa Baba. Ni kweli amekwenda kwa Baba. Imani yetu ndiyo hiyo na ninaihubiri. Lakini Yesu, aliyejua vizuri kuliko sisi kwamba Lazaro angefufuka baada ya dakika chache, alilia kwanza.

Kuna waamini wanaonijia, hasa vijana waliohudhuria mikesha ya huku na kule, wakiuliza kama ni dhambi kusikiliza nyimbo za namna hii. Wameambiwa kwamba huzuni ni upungufu wa imani na kwamba wimbo usiotaja jina la Mungu unamfungulia shetani mlango. Huwa ninawatuma wakasome Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na kumalizika gizani. Hakuna pambazuko mwishoni, hakuna shukrani. Kanisa halikuiondoa. Imo katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa, na mapadre na watawa dunia nzima huisali kabla ya kwenda kulala. Mtu aliyeachwa na mchumba, akikaa kizani akasikiliza gitaa na kulia, hajamkana Mungu. Nina wasiwasi zaidi na yule asiyeweza kukaa kimya hata dakika tano.

Wimbo wa baa niliokutajia, He'll Have to Go, ulitoka mwisho wa mwaka 1959, tena upande wa pili wa santuri, ule ambao kampuni haikuutegemea. Watangazaji wakaigeuza santuri. Mwaka 1960 ulikaa wiki 14 kileleni mwa chati ya kantri. Mtu anampigia simu mwanamke anayempenda, anajua kuna mwingine chumbani naye, na badala ya kutukana anambembeleza kwa sauti ya chini achague. Sikuambii uufanye wimbo wa Komunyo. Ninakuambia kwamba ndoa nyingi nilizokaa nazo ofisini zingekuwa na nafuu kama wahusika wangejua kusema jambo zito kwa sauti hiyo.

Wala usimfikirie kama malaika. Alikuwa mtu mkali wa kazi, asiyevumilia uzembe katika bendi yake. Alikwenda Afrika Kusini, akapendwa sana, akaimba hata kwa Kiafrikaans, akacheza filamu ya Kimberley Jim huko wakati ubaguzi wa rangi ukiwa umekomaa. Hilo lazima lisemwe. Wakati huohuo sauti yake ilivuka mipaka ambayo yeye mwenyewe hakuivuka: ilipendwa Nigeria, India na kwetu, katika nyumba za watu ambao wengi hawakupata kuona picha yake.

Mwaka 1962 alitoa santuri ya nyimbo za dini, We Thank Thee. Ndani yake umo wimbo wa kumsihi Bwana amshike mkono mtu aliyechoka, uliotungwa na Thomas Dorsey, Mmarekani mweusi, mwaka 1932 baada ya mke wake kufariki katika uzazi na mtoto kumfuata. Jim aliuimba bila kuongeza chochote. Hakupaza sauti mwishoni kama wafanyavyo wengi. Ni wimbo wa mfiwa, na aliuacha ubaki wa mfiwa.

Injili ya leo inatupeleka ziwani usiku, upepo wa mbisho, Petro akizama na mkono wa Bwana ukimshika. Sasa nisikilize. Tarehe 31 Julai 1964, Jim Reeves alikuwa anarudi Nashville kutoka Batesville, Arkansas, akiirusha mwenyewe ndege ndogo ya injini moja. Pamoja naye alikuwamo Dean Manuel, mpiga piano wake. Karibu na kufika waliingia katika mvua ya radi. Ndege ikaanguka msituni karibu na Brentwood, kusini kidogo ya mji. Kwa siku mbili watu walipekua vichaka, na miongoni mwao walikuwamo waimbaji wenzake, Chet Atkins, Eddy Arnold na Marty Robbins. Tarehe 2 Agosti mabaki yakapatikana. Jim alikuwa na miaka 40. Zilibaki wiki tatu hivi atimize 41.

Usiniulize kwa nini Petro alishikwa mkono na wengine hawakushikwa. Ninaulizwa hivyo makaburini, na mtu aliyefiwa hulitazama kola langu kama vile jibu limeandikwa hapo. Seminarini tulifundishwa majibu kadhaa, na ni majibu mazuri kwa mtihani. Makaburini nimejifunza kukaa karibu na mtu, kushusha sauti, na mara nyingi kutosema lolote.

Walimzika Texas, karibu na Carthage, wilaya ileile alikozaliwa. Sanamu yake imesimama hapo, na mbwa wake, Cheyenne, alipokufa alizikwa hapohapo. Mary hakufunga milango. Alikuwa na kanda nyingi za nyimbo ambazo mumewe alikuwa amezirekodi bila kuzitoa, na kwa miaka mingi aliendelea kuzitoa kidogokidogo, moja baada ya nyingine, hata watu wa nchi za mbali wakawa hawaamini kwamba mwimbaji amekwisha kufa.

Mojawapo ilikuwa Distant Drums, utunzi wa mwanamke aitwaye Cindy Walker. Jim alikuwa ameurekodi kama mfano tu. Baada ya kifo chake watu wa studio wakauongezea ala, na mwaka 1966, miaka miwili baada ya ajali, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tano, wakati wa enzi ya Beatles na magitaa yao ya umeme. Ni wimbo wa kijana anayesikia ngoma za vita kwa mbali, akijua kwamba muda si mrefu ataitwa, na anamwomba mpenzi wake wafunge ndoa upesi kabla hajaondoka. Mpenzi huyo katika wimbo anaitwa Mary. Mjane wa Jim aliendelea kuusikia redioni, kwa sauti ileile ya karibu, mpaka naye alipofariki mwaka 1999.