Picha za majabali zilizofika kwa Rais

Mwaka juzi tulikaa kikao kijijini kwetu kuhusu njia ya kushukia pwani. Wavuvi wameipita njia ile tangu enzi za mababu, na sasa pamesimama ukuta. Tuliulizwa swali moja tu: mna picha inayoonyesha njia ilivyokuwa? Tukatazamana. Simu zetu zimejaa harusi, maulidi na sahani za pilau. Ya njia haikuwepo hata moja.

Ni aibu ile iliyonifanya nitafute habari za Ansel Adams, Mmarekani ambaye huenda umeziona picha zake kwenye kalenda, majabali meupe na meusi, bila kujua ni zake.

Alizaliwa San Francisco mwezi wa Februari 1902. Tetemeko kubwa la 1906 lilimkuta ana miaka minne. Mtikisiko wa baadaye ulimtupa kwenye ukuta wa bustani akavunjika pua, ikabaki imepinda maisha yake yote. Shuleni hakutulia, babake akamtoa akasomea nyumbani. Alipenda piano, na kwa miaka mingi aliamini ndiyo itakayompa riziki.

Mwaka 1916 alikwenda na wazazi wake bonde la Yosemite, huko huko California, wakampa kamera ndogo ya boksi ya Kodak. Tangu hapo hakukosa kurudi bondeni hata mwaka mmoja mpaka alipofariki. Ujanani alikaa huko miezi ya kiangazi akilinda nyumba ya Sierra Club, chama cha wapenda milima. Mwaka 1928 alimuoa Virginia Best, ambaye babake alikuwa na duka la picha mle mle bondeni.

Kwa hivyo hakuwa mgeni wa siku mbili. Alilijua bonde wakati wa theluji, na theluji inapoyeyuka maporomoko yakafurika, na mwisho wa kiangazi maporomoko hayo hayo yanapokaribia kukauka. Sisi tunaojua kuwa bahari ya kusi si ile ya kaskazi, na ufuo wa bamvua si ule wa maji mafu, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Dhoruba ikija wengine walikimbilia ndani, yeye alisubiri mawingu yaanze kupasuka.

Aprili 1927 alipanda mlima na kamera nzito na vioo vya kupigia picha. Alipofika mbele ya jabali la Half Dome alibakiwa na vioo viwili. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha manjano, kisha akatambua kuwa mbingu itatoka hafifu, si vile alivyoihisi. Cha mwisho akakipiga kwa kichujio chekundu, na mbingu ikatoka karibu nyeusi, jabali limesimama kama linamtazama mtu. Baadaye alisema hiyo ndiyo picha yake ya kwanza aliyoiona akilini kabla ya kuipiga.

Lakini kilichonigusa mimi ni safari ya 1936. Sierra Club ilitaka eneo la Kings Canyon, kusini ya Yosemite, lilindwe kwa sheria. Adams alichukua picha zake akaenda nazo Washington, akawaonyesha wabunge mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kukanyaga. Mwaka 1938 akatoa kitabu cha picha za milima ile, kikamfikia Rais Franklin Roosevelt. Mwaka 1940 Kings Canyon ikawa mbuga ya kitaifa. Kati ya safari na kitabu, mwaka 1937, moto uliingia chumba chake cha giza Yosemite ukateketeza nigativi nyingi. Aliendelea na zilizobaki.

Sitamsifu bila kipimo. Picha zake zinaonyesha bonde kana kwamba halijawahi kukaliwa na mtu, na sivyo. Waahwahneechee waliishi pale kabla askari hawajawafukuza mwaka 1851. Mtu wa pwani anayejua habari za ardhi hawezi kulipita jambo hilo kimya. Enzi zake pia alilaumiwa kuwa dunia inaungua naye anapiga mawe. Hata hivyo mwaka 1943 aliingia kambi ya Manzanar, walikozuiliwa Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa vita, akapiga picha za nyuso zao, shule zao na mashamba yao, na mwaka uliofuata akazitoa kwenye kitabu, wakati Wamarekani wengi hawakutaka kuwasikia watu hao.

Mwaka 1980 alipewa nishani ya juu kabisa ya raia nchini mwake. Alifariki Aprili 1984, na mwaka uliofuata mlima mmoja pembezoni mwa Yosemite ukapewa jina lake.

Mimi nina simu tu, tena kioo chake kimepasuka. Kila mwezi, bamvua inapojaa, nasimama kwenye mnazi ule ule uliobaki kando ya ukuta na kupiga picha tatu: mikoko, ukuta, na akina mama wanaozunguka mbali kwenda kuchukua samaki. Naandika tarehe. Mwezi uliopita kijana wa jirani aliniuliza napiga nini hapa kila mara, nikamwambia asimame pale pale nilipokuwa nimesimama, nikampa simu.