Hugh Cairns, daktari aliyewavisha waendesha pikipiki kofia ngumu

Kofia ngumu inayoning'inia kwenye kioo cha pikipiki pale Omurushaka ina historia, na historia hiyo ina mwenyewe. Vijiweni wengi wanaiita elementi, wengine helmeti, na wapo wanaoiita tu kofia ya trafiki kwa sababu huvaliwa askari akionekana kwa mbali na kuvuliwa akishapitwa. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kuitoa kofia hiyo kwenye viwanja vya mashindano na kuifikisha kwa mtu wa kawaida alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Sir Hugh Cairns. Alifariki mwaka 1952, miaka tisa kabla ya uhuru wa Tanganyika. Karagwe hakufika, lakini kila anayepanda bodaboda kutoka Kayanga kwenda Nyaishozi, au kutoka Nkwenda kwenda Murongo, anagusana na kazi yake.

Hugh William Bell Cairns alizaliwa tarehe 26 Juni 1896 huko Port Pirie, mji wa bandari kusini mwa Australia. Hakutoka kwenye familia ya wakubwa. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mbao aliyehama kutoka Uskoti, na kijana alisoma shule ya kawaida katika mji mdogo wa Riverton kabla ya kwenda sekondari jijini Adelaide. Akaingia Chuo Kikuu cha Adelaide kusomea udaktari, Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta hapo. Alijiunga na kitengo cha tiba cha jeshi la Australia akahudumia majeruhi katika kisiwa cha Lemnos, akarudi kumaliza masomo mwaka 1917, kisha akapelekwa Ufaransa akiwa daktari kamili.

Vita ilipokwisha akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Alikuwa mtu wa mwili na nguvu, na mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa wapiga makasia wa Oxford katika yale mashindano yao maarufu dhidi ya Cambridge. Mwaka uliofuata alimwoa Barbara Smith, binti wa mkuu wa chuo cha Balliol alikokuwa anasoma.

Jambo lililogeuza maisha yake lilitokea Marekani. Mwaka 1926 alikwenda Boston kujifunza kwa Harvey Cushing, ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa upasuaji wa ubongo wa kisasa. Wakati ule kufungua fuvu la mtu lilikuwa jambo la mwisho kabisa, na wagonjwa wengi hawakuamka. Cushing alifundisha subira: kuzuia damu kidogo kidogo, kutokimbiza mkono, kuandika kila kitu. Cairns alirudi London na somo hilo, akajenga huduma ya upasuaji wa ubongo katika London Hospital karibu kuanzia sifuri. Mwaka 1937 akawa profesa wa kwanza wa upasuaji katika kiti kipya cha Nuffield, Chuo Kikuu cha Oxford.

Lakini kabla ya Oxford kuna tukio la mwaka 1935 ambalo bila hilo pengine tusingekuwa tunamzungumzia leo.

Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu duniani kama Lawrence wa Arabuni kwa kupigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill, kusini mwa Uingereza, kwa pikipiki. Alikuwa na umri wa miaka 46 na ndiyo kwanza ameacha kazi ya jeshi la anga. Pikipiki yake ilikuwa Brough Superior, chombo cha bei na cha mwendo, na yeye alipenda mwendo. Karibu na nyumbani alikutana na vijana wawili wenye baiskeli, akakwepa, akarushwa. Kichwani hakuwa na kitu. Alilala siku sita bila fahamu katika hospitali ya jeshi ya Bovington, akafa tarehe 19 Mei.

Cairns alikuwa mmoja wa mabingwa walioitwa kando ya kitanda kile. Hapakuwa na la kufanya. Hebu fikiria: mtu mwenye mikono iliyofundishwa na Cushing mwenyewe, katika nchi tajiri, mbele ya mgonjwa anayefuatiliwa na magazeti ya dunia nzima, na bado hawezi. Waandishi wa historia ya tiba wanauunganisha msiba huo na kazi aliyoifanya baadaye juu ya kofia. Mimi naona uunganisho huo una mantiki, maana daktari akishafika mwisho wa uwezo wa kisu chake, anaanza kujiuliza kilichotangulia kabla ya mgonjwa kuletwa.

Tusiseme kwamba Cairns ndiye aliyeibuni kofia yenyewe. Waendesha pikipiki wa mashindano Uingereza walikuwa wamekwisha kulazimishwa kuvaa kofia tangu mwaka 1914, baada ya daktari mwingine, Eric Gardner, kuchoshwa na vichwa vilivyopasuka kwenye uwanja wa Brooklands. Ila watu waliichukulia kama vazi la mchezo. Anayekwenda kazini au dukani angeivaa ya nini? Jibu hilo, msikilizaji, bado tunalisikia hapa kwetu: naenda hapo tu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, Uingereza ilizima taa za barabarani kuogopa ndege za adui. Jeshi nalo lilikuwa na matarishi wengi wa pikipiki, vijana waliobeba barua na amri kutoka kambi hadi kambi, usiku, bila mwanga wa kutosha. Cairns alikuwa amepewa usimamizi wa upasuaji wa ubongo jeshini. Mwaka 1940 chuo cha St Hugh's pale Oxford kiligeuzwa hospitali ya majeraha ya kichwa, na yeye akawa ndiye nguzo yake. Angetarajia kujaza vitanda kwa risasi na mabomu. Badala yake aliletewa vijana wengi mno walioanguka na pikipiki humo humo nchini, mbali na uwanja wa vita.

Akaanza kuhesabu. Oktoba 1941 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani. Ona kwamba aliwahesabu na abiria. Katika vifo alivyovichunguza, jeraha la kichwa lilikuwa muuaji mkuu. Halafu akatoa habari ya watu saba. Saba tu, ndio aliowapata walioanguka wakiwa wamevaa kofia ngumu, na wote saba walikuwa hai.

Mtu wa takwimu atasema saba ni wachache, na ni kweli. Cairns hakungoja wawe sabini. Mwezi uliofuata, Novemba 1941, jeshi la Uingereza liliamuru matarishi wake wote wavae kofia ngumu wawapo kazini.

Baada ya hapo ndipo alipofanya kitu ambacho kwa maoni yangu ni kikubwa kuliko ile makala ya kwanza. Aliomba kofia zenyewe zilizogongwa ziletwe, akazichunguza pamoja na mwanafizikia wa Oxford, A. H. S. Holbourn. Walilinganisha bonde au ufa uliopo kwenye kofia na hali ya aliyekuwa ameivaa. Mwaka 1943 wakachapisha matokeo ya ajali zaidi ya mia moja za namna hiyo. Holbourn naye alitengeneza mfano wa ubongo kwa jeli, akauzungusha na kuugonga aone unavyochanika. Akaonyesha kwamba kichwa kinapozungushwa ghafla ubongo hujivuta na kujisokota ndani ya fuvu, hata kama fuvu halikupasuka. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka, akainuka, akajifuta vumbi bila tone la damu, na jioni akaanza kutapika na kusinzia. Huyo apelekwe hospitali haraka, asiambiwe alale apumzike.

Mwaka 1946 Cairns alirudi na hesabu ya vita nzima. Vifo vya waendesha pikipiki vilivyokuwa vimekaribia 200 kwa mwezi kabla ya amri ya Novemba 1941 vilishuka hadi kama 50 mwishoni mwa vita. Hapa tuwe waangalifu: petroli ya raia ilibanwa sana miaka ile, hivyo pikipiki zenyewe zilipungua barabarani. Lakini tafiti za miaka ya karibuni zimemwunga mkono. Uchambuzi wa kimataifa uliokusanya tafiti nyingi pamoja umekadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kofia haikuwa kazi yake yote. Alianzisha vikosi vya upasuaji wa ubongo vinavyotembea na jeshi, ili majeruhi afuatwe karibu na alipoangukia. Mwaka 1943 alikwenda Afrika Kaskazini na Howard Florey, Mwaustralia mwenzake kutoka Adelaide, kuijaribu penisilini kwa askari waliojeruhiwa. Desemba 1945 aliitwa Heidelberg kumwona Jenerali Patton wa Marekani aliyevunjika shingo katika ajali ya gari. Mwaka 1946 alipewa cheo cha Sir. Saratani ilimmaliza Oxford tarehe 18 Julai 1952, akiwa na miaka 56.

Sasa turudi kwenye duka la vipuri, maana alichokiona Cairns na Holbourn ndicho unachotakiwa kukitafuta unaponunua.

Gonga ganda la nje, kisha tazama ndani. Chini ya kitambaa lazima kuwe na tabaka nene la povu gumu, la aina ile inayofungashiwa televisheni mpya. Povu hilo ndilo linalobonyea badala ya kichwa chako. Kofia yenye ganda la plastiki na sponji laini ya godoro ndani inakukinga na jua na askari. Ile ya mafundi ujenzi nayo imetengenezwa kwa ajili ya tofali linalodondoka kutoka juu, kwa hiyo iache kwenye saiti.

Pili ni mkanda wa kidevuni, na hapa ndipo sisi wa Karagwe na Kyerwa tunapojidanganya zaidi. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Funga mkanda, vidole viwili tu vipite chini yake. Kisha shika kofia nyuma ya kisogo uivute kuelekea mbele. Ikitoka, ni kubwa kwako, hata kama muuzaji anasifia rangi. Vizuri zaidi pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, ujue sentimita zako kabla ya kwenda dukani. Inayokubana mashavu kidogo ikiwa mpya ni sawa. Inayokuuma kipaji cha uso si sawa.

Tafuta alama ya ubora. Herufi E ndani ya duara, yenye namba kando yake, inaonyesha kofia ilipimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, na nembo ya TBS ni ya kwetu. Stika huweza kughushiwa, kwa hiyo usiache kukagua povu na mkanda kwa mkono wako.

Kofia iliyokwisha kupata ajali imemaliza kazi yake. Povu likibonyea halirudi, hata ganda likionekana zima. Kwa sababu hiyo kofia ya mtumba ina mashaka, huwezi kujua iliangukia wapi. Kioo cha mbele kilichochubuka na vumbi letu kibadilishwe, usiku kinatawanya taa za magari ya mbele mpaka huoni ng'ombe.

Kuhusu abiria, malalamiko yanaeleweka. Kofia moja imevaliwa na watu kumi tangu asubuhi, ina jasho, na mama aliyetoka kusuka nywele anaiona adui. Kitambaa chepesi ndani yake kinatosha, na bodaboda anayeanika kofia ya abiria juani na kufua bitana yake anajijengea wateja. Dereva akikupa kofia isiyo na mkanda, mwambie. Ni haki yako kama ilivyo haki yako kukataa mishikaki.

Wapo wanaosema wa kijijini haihitaji, ajali ni za lami ya Kyaka hadi Bugene. Lawrence alikuwa kwenye barabara ya mashambani karibu na kwake. Na huku kwetu jeraha kubwa la ubongo lina safari: Nyakahanga kwanza, au Isingiro kwa walio Kyerwa, kisha rufaa hadi Bugando, Mwanza, na saa zinazopotea njiani ni zile zile ambazo Cairns alivianzishia vikosi vyake vya kutembea.

Serikali ya Uingereza ilichukua muda wake. Iliwalazimisha waendesha pikipiki wote kuvaa kofia ngumu Juni 1973, miaka 32 baada ya ile makala ya watu saba na miaka 21 baada ya mwandishi wake kuzikwa. Mwaka huo huo wa 1973 Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo ndiyo anayoitumia askari anapokusimamisha Kayanga ukiwa umeitundika kwenye kioo.