Mwalimu na wale asilimia 20



Nianze na swali. Je, yupo mtu ambaye tangu uchaguzi uliopita humwangalii tena kama zamani? Pengine ni jirani, pengine shemeji, pengine ni mwanajumuiya mwenzako ambaye kila Oktoba mlikuwa mkisali naye rozari. Hakukuibia wala hakukutukana. Ulisikia tu kwamba alikipigia kura chama kisicho chako, nawe ukahitimisha kwamba amenunuliwa, au ni mjinga, au haipendi nchi yake. Siku hizi kanisani, wakati wa kutakiana amani, unageukia upande mwingine.

Kama yupo, nakuomba leo tumtazame pamoja Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa kijana mwenye akili zake, kwa hiari yake. Alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipolazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, maana yake safari ya kumtangaza mwenye heri imeanza lakini haijafika mwisho. Basi tunaweza kumtazama kwa heshima bila kumpamba.

Twende Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti gumu kwa uchaguzi uliokuwa unakuja: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi wa TANU waliliona sharti hilo kuwa tusi, wakataka uchaguzi ususiwe. Nyerere aliwashawishi wakubali kuingia, na wakaingia wakashinda. Lakini si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU na kuanzisha chama chake, ANC.

Hebu litafakari jambo hili. Nyerere na Mtemvu wote walitaka uhuru. Waliachana kwa sababu ya njia ya kuufikia. Mwaka 1962 wawili hao walikutana tena katika uchaguzi wa Rais. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni moja na Mtemvu akapata kama elfu 21. Unawaonaje hao watu elfu 21? Walikuwa wakulima, wafanyabiashara na wazazi wa nchi ileile iliyopata uhuru mwaka mmoja nyuma. Kura yao haikuwaondolea utanganyika wao. Pengine kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo aliijua yeye na Mungu wake.

Hapa lazima niseme ukweli wote, maana maisha ya mtu mwema yasiyo na kosa hata moja hayamsaidii msomaji. Mwaka huohuo wa 1962 nchi ilipata sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na mwaka 1965 ikawa rasmi nchi ya chama kimoja. Mwalimu alikuwa na hoja zake: taifa lilikuwa changa, na aliogopa ukabila usije ukalipasua. Wananchi waliendelea kuchagua kati ya wagombea wawili wa ubunge, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na katika uchaguzi wa 1965 hata baadhi ya mawaziri waliangushwa. Lakini kwa mtu aliyetaka njia tofauti kabisa, mlango ulifungwa. Taratibu ikajengeka tabia ya kuona kwamba kukipinga chama ni kuipinga nchi, na wapo walioilipia tabia hiyo kwa uhuru wao. Mwalimu alikuwa mtu wa Misa na sala, na bado haya yalitokea chini ya uongozi wake. Nakukumbusha hili kwa sababu mimi na wewe pia ni watu wa Misa na sala.

Sasa njoo mwaka 1990. Mwalimu alikuwa ameshaacha urais tangu 1985, na mwaka huo akauacha pia uenyekiti wa CCM. Mwaka huohuo yeye, mwasisi wa mfumo wa chama kimoja, alianza kuwaambia Watanzania kwamba kuujadili mfumo huo si dhambi. Mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi wanataka nini. Asilimia kama 80 walisema chama kimoja kiendelee. Asilimia kama 20 walitaka vyama vingi.

Kwa hesabu ya kawaida mjadala ungekuwa umekwisha. Walio wengi wamesema, na walichosema kilikuwa sifa kwa kazi ya Mwalimu mwenyewe. Ingekuwa rahisi kuwaita wale wachache waroho wa madaraka au vibaraka wa wageni. Mwalimu alitetea wasikilizwe. Tume nayo iligundua kwamba hata wengi wa wale 80 walikuwa na malalamiko makubwa, na mabadiliko waliyoyataka yasingewezekana bila kuugusa mfumo wenyewe. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, na mwaka 1995 tukapiga kura ya kwanza ya vyama vingi baada ya miaka mingi.

Ndugu msomaji, umeona? Watu walitoa jibu moja, lakini mioyoni mwao mlikuwa na mambo mengi. Kura ni alama ndogo kwenye karatasi. Haisemi kama aliyeiweka aliongozwa na hofu, au na shukrani, au na mwanawe asiye na kazi. Wewe unaiona alama, au unaikisia tu, halafu unamhukumu mtu mzima.

Sisemi kwamba kila uchaguzi ni sawa. Mwalimu hakuwa mtu asiye na upande: mwaka 1995 alizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa, na alikemea vikali udini, ukabila na rushwa. Nawe una haki ya kupinga sera, kubishana na kumwambia ndugu yako kwamba amekosea. Kuuza kura ni dhambi, na kumpiga mtu kwa sababu ya chama ni dhambi kubwa zaidi. Lakini kupinga uamuzi wa mtu ni jambo moja, na kumfuta undugu ni jambo jingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unatufundisha kwamba waamini wenye nia njema ileile wanaweza kufikia maamuzi tofauti juu ya mambo ya dunia, na hakuna anayeruhusiwa kudai kwamba Kanisa liko upande wake peke yake.

Kumbuka pia meza ya Bwana wetu. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mtu wa kuwakusanyia watawala kodi. Simoni aliitwa Zelote, jina la watu wenye wivu mkali kwa taifa lao. Yesu aliwaita wote wawili, akawamegea mkate mmoja. Hakumwambia yeyote kati yao asubiri nje mpaka mwenzake abadili msimamo.

Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, walimlilia waliokipigia kura chama chake na waliokikataa. Msibani hakuna aliyeulizwa kadi.

Basi, wewe usisubiri msiba. Yule uliyemfikiria uliposoma swali langu la kwanza, leo wakati wa kutakiana amani mgeukie yeye. Mpe mkono. Baada ya Misa muulize habari za watoto, na kama atapenda, muulize kwa nini alichagua alivyochagua. Kisha umsikilize mpaka amalize.

Nakutakia Dominika njema.