Joseph Cornell, Fundi wa Picha za Kubandika

Joseph Cornell alizaliwa tarehe 24 Desemba 1903 katika mji wa Nyack, karibu na New York, nchi ya Marekani. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne. Robert, kitinda mimba, alikuwa na ugonjwa wa kupooza tangu utotoni.

Mwaka 1917 baba yao alifariki. Joseph akapelekwa shule ya bweni huko Andover, lakini mwaka 1921 akatoka bila ya cheti, akawa mwuza vitambaa vya sufu mjini New York ili kumsaidia mama yake. Kila alipopata nafasi aliingia katika maduka ya vitabu vikuukuu, akanunua magazeti na picha za zamani.

Kuchora hakufundishwa na mtu. Mwaka 1931 aliona kazi za Max Ernst, Mjerumani aliyekata picha za vitabuni na kuzibandika upya. Ndipo alipotambua kwamba mkasi na gundi vyatosha. Usiku, watu wa nyumbani wakisha kulala, alikaa kwenye meza ya jikoni akikata na kubandika. Mwaka 1932 kazi zake zikaonyeshwa New York pamoja na za mabingwa wa Ulaya. Baadaye alijulikana kwa visanduku vyake vya kioo vyenye picha za ndege, nyota na ramani. Na tangu miaka ya 1950 alirudia kubandika, akikata picha za rangi katika magazeti.

Jina lake lilivuma, bali yeye hakuhama nyumbani. Hakuoa, wala hakutoka nje ya Marekani. Alibaki akimtunza Robert mpaka alipofariki mwaka 1965. Kisha akachukua michoro ya ndugu yake, akaitia katika picha zake, na mwaka 1966 akaionyesha hadharani ili Robert naye akumbukwe.

Mwaka 1972 aliwafanyia watoto maonyesho yao wenyewe. Visanduku vilitundikwa chini, macho ya mtoto yavifikie, na wageni wakapewa keki na soda. Tarehe 29 Desemba mwaka huo akafariki.

Wenzangu, wako wasemao kwamba mzigo wa nyumbani huua kipawa. Cornell aliubeba miaka mingi, na usiku uliobaki akautumia. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.